Nafasi ya Mwenye Ng'ombe

Jumatatu saa tatu asubuhi Felisita alifungua folda mpya kwenye kompyuta yake akaipa jina "mifugo". Ndani hakukuwa na kitu. Aliitazama kidogo, kama mtu anavyotazama kiwanja kabla ya kuchimba msingi, kisha akaanza kugawa vyumba: folda ndani ya folda, moja ya programu yenyewe, moja ya majaribio. Mpangilio huo hakuubuni yeye. Java, lugha anayoandikia programu zake, inataka kila kitu kikae mahali pake, na Maven, ile programu inayokusanya vipande na kuvijenga kuwa kitu kimoja, haihangaiki kutafuta faili usilolionyesha.

Nje ya pazia la chumba, kwenye korido, baba mkwe wake alikaa kwenye kiti cha mbao. Mzee Bujiku alikuwa amekuja Bariadi kutoka Lingeka kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa bandeji hadi Jumamosi. La kushoto lilisubiri zamu yake, na kwa sasa lilimwonyesha ukungu mtupu.

"Pazia," alisema mzee.

Felisita aliacha kuchapa.

"Pazia, muulize mwenye chumba. Hicho kinacholia ni mashine au ni panya?"

Kwao baba mkwe hazungumzi ana kwa ana na mkamwana. Maneno hupita kwa mtu wa tatu. Huko Lingeka mtu huyo alikuwa mama mkwe. Hapa Somanda, mjini Bariadi, alikuwa Luhaga, mume wa Felisita. Lakini Luhaga alitoka saa moja kila asubuhi kwenda kuchomelea mageti, akarudi saa saba kula. Kwa siku mbili za kwanza mzee alikaa kimya kutwa. Siku ya tatu aligundua pazia.

"Pazia, mwambie baba ni vidole vyangu," Felisita alijibu.

"Mh. Vina haraka."

Ilibidi viwe na haraka. Ijumaa saa nne kamati ya ushirika wa wafugaji ingekaa kumsikiliza. Ushirika ulikuwa umewavalisha ng'ombe wa kata kadhaa hereni zenye namba, na sasa ulitaka mnunuzi akiwa mnadani aweze kutuma namba kwa simu na kurudishiwa jibu: ng'ombe huyu ni wa nani. Hakuna picha, hakuna vitufe vya kupendeza. Swali linaingia, jibu linatoka. Atakayeijenga huduma hiyo angepewa kazi ya kuitunza mwaka mzima.

Katibu wa ushirika, Bwana Kasmiri, alikuwa amemweka Felisita kwenye benchi asubuhi nzima kabla ya kumwita ndani.

"Fundi ni mumeo?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe si ndiye uliyekuwa ukichapa barua za kuomba kazi pale karibu na stendi?"

"Ni mimi."

"Na hukuwahi kujichapia ya kwako?"

Watu wawili waliokuwa ofisini walicheka. Felisita naye alicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli. Lile duka la uchapaji lilipofungwa, mwenye duka alimwachia kompyuta moja badala ya mshahara wa mwisho, na kwenye kompyuta hiyo alijifunza Java kwa miaka mitatu, somo baada ya somo, bila mtu wa kumwuliza.

Kasmiri alimpa nakala ya daftari la boma moja. "Nimekupa la mkweo huko Lingeka, ukikwama umwulize. Ng'ombe sitini na wawili. Ijumaa kamati itakuwa na karatasi hii hii mkononi. Watachagua namba wanazotaka. Majibu yakilingana na karatasi, kazi ni yako. Yasipolingana, kuna kampuni ya Mwanza inasubiri."

Jumanne ilipotea kwenye mambo madogo. Asubuhi kompyuta ilikataa kujenga kwa sababu aliiambia itumie toleo la Java ambalo haikuwa nalo. Aliposahihisha hilo ikakataa tena, maandishi mekundu skrini nzima, na ilimchukua saa moja kuona kosa: alikuwa ameandika neno ng'ombe kwenye jina la faili kama anavyoliandika siku zote, na Java haitaki ile alama katikati. Aliiondoa. Maandishi mekundu yakaisha. Saa sita kasoro huduma iliwaka kwa mara ya kwanza, ikakaa kwenye mlango namba 8080 ndani ya kompyuta, tupu, ikisubiri kuulizwa.

Akauliza. Ikajibu neno moja alilokuwa ameliandika: "Karibu."

"Imekubali!" alisema kwa sauti.

"Pazia, muulize kimekubali nini."

Felisita alieleza kupitia pazia. Mzee alisikiliza, ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri.

"Huyo anayejibu anakaa wapi?"

"Pazia, mwambie baba ni kama mtu aliyekaa mlangoni. Ukija na namba, anaingia ndani kwenye daftari, anatoka na mstari mmoja."

"Asipouona?"

"Anasema hayupo."

"Hatungi?"

"Hatungi. Anasema kilichoandikwa."

Mzee alipapasa fimbo yake. "Kwa hiyo ni mkweli kama aliyeandika," alisema, na siku hiyo hakuuliza tena.

Jumatano Felisita aliingiza ng'ombe wote. Kila mmoja alikuwa na namba, jinsia, rangi, na mwenye. Safu ya mwenye ilikuwa rahisi. Jina lilikuwa moja kuanzia juu hadi chini.

Luhaga alirudi saa saba, mikono inanuka chuma, akamwamkia baba yake kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Mwadila."

Walikula ugali na mlenda koridoni, baba na mwana, Felisita akiwa ndani ya pazia na sahani yake. Luhaga alikuwa na furaha. Kule karakana wenzake walimwita Sitini, kwa ajili ya ng'ombe wa baba yake, na jina hilo alilivaa kama kofia mpya.

"Baba, uliza ng'ombe yeyote," alisema. "Tuone kama inatujua."

"Kuna dume jeusi," mzee alisema. "Lina doa jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imekatika."

"Baba, inataka namba."

"Mimi namba sizijui. Najua ng'ombe."

Felisita alipitisha kidole kwenye karatasi. "Mia nne na kumi na saba," alisema kwa mumewe. Aliuliza huduma, akasoma jibu: "Namba 417. Dume. Mweusi, doa usoni. Mwenye: Bujiku."

Luhaga alipiga goti kwa kiganja. "Umeona! Imekutaja kwa jina, baba!"

Mzee aliacha kula. Luhaga alidhani ni uchovu wa dawa, akamnawisha mikono na kurudi kazini.

Mlio wa pikipiki ulipoisha barabarani, mzee aliita.

"Pazia. Mwambie mwenye chumba, 417 si wangu."

Felisita alilitazama tena jibu kwenye skrini.

"Ni wa Mashimba. Wa Nassa."

Alieleza polepole, uso kauelekeza ukutani. Mashimba alikuwa rafiki yake tangu ujana, mkulima na mvuvi upande wa ziwa, ambako malisho ni haba. Miaka kumi na tisa iliyopita alileta ng'ombe kumi na mmoja Lingeka wakae kwa Bujiku. Bujiku akanywa maziwa, akatumia mbolea, mara mojamoja akapewa ndama kwa kazi yake. Ni jambo la kawaida. Mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Na ni jambo ambalo halitangazwi, maana mwenye ng'ombe hataki kila ndugu ajue alikowaweka. Wale kumi na mmoja wakazaa. Watu wakapita njiani, wakaona boma limejaa, wakasema ni la Bujiku. Hakuwaambia ndiyo. Hakuwaambia hapana.

"Siku ya hereni yule kijana wa ushirika aliuliza, hawa wote wa nani? Majirani wamesimama pale. Nilikohoa. Akaandika jina langu."

"Wako ni wangapi, baba?" Felisita aliuliza, na papo hapo akashika mdomo. Alikuwa amesahau pazia.

Mzee aligusa bandeji. "Kwa sasa sikuoni," alisema. "Hiyo haihesabiwi." Kisha akasema, "Tisa."

Felisita aliangalia skrini. Alikuwa ameacha nafasi moja tu ya jina kwa kila ng'ombe, kwa sababu ndivyo daftari lilivyokuwa. Zilitakiwa mbili: mwenye, na anakokaa. Kuongeza nafasi ya pili ni kazi ya dakika chache, na alishaona mahali pa kuigusa. Ugumu haukuwa hapo. Akamweleza mzee kuhusu karatasi ya kamati.

"Kwa hiyo ukiandika ilivyo, kazi unaikosa."

"Huenda."

"Basi acha. Mimi nimeishi nalo miaka yote hii."

Felisita alirudi kwenye skrini. Aliangalia ile folda ya majaribio, ambayo bado ilikuwa tupu. Humo fundi anaandika kile anachojua ni kweli, na mashine inalinganisha na jibu la huduma. Vikilingana inatoka kijani. Angeweza kuandika kuwa 417 ni wa Bujiku, na ingetoka kijani, safi kabisa.

"Pazia, mwambie baba kuna sehemu hapa naandika ninachokijua. Jana ningeandika Bujiku. Leo sijui nitaandikaje."

Mzee aliguna. Alitoa simu yake ya vitufe mfukoni, akaipitisha chini ya pazia kwa ncha ya fimbo.

"Pazia, amtafute Mashimba humo, apige, anirudishie. Hilo si langu peke yangu. Naye ana haki ya kukataa."

Mashimba alikuwa kiziwi kiasi, na nyumba nzima ilisikia pande zote mbili za mazungumzo.

"Waandike!" sauti ilisema kwenye simu. "Mimi nimewahesabia wanangu kwa mdomo tu, na wanangu hawasikilizi. Nikifa watakuja kugombana na wewe. Au wewe ukifa, nigombane na Luhaga."

"Ndilo nililokuwa nawaza kwenye kitanda cha hospitali."

"Na jicho?"

"Limefungwa."

"Ukifunguliwa uje unione nilivyozeeka. Wabeja, asante rafiki yangu, waandike."

Alhamisi asubuhi walifanya kazi pamoja, pazia katikati. Felisita alisoma kutoka kwenye daftari, mzee alijibu bila kusita.

"Jike, jekundu, kwato nyeusi."

"Mashimba. Mama yake alikuja na wale wa kwanza."

"Jike, kijivu, hana pembe."

"Mashimba. Huyo mkorofi, asimkaribie wakati wa kukamua."

"Jike, madoa meupe na mekundu, mkia mfupi. Namba 391."

"Huyo wangu."

Aliyasema maneno hayo mawili kwa sauti nyingine, ya chini. Felisita aligundua kwamba alianza kuyasubiri. Yalikuja mara tisa. Kufikia saa tano ng'ombe wote walikuwa na nafasi mbili mbili, na majaribio yakatoka kijani.

"Na Luhaga?" Felisita aliliuliza pazia.

"Mimi siwezi kumwambia," mzee alisema. "Nimejaribu tangu alipoota ndevu. Hiyo mashine imwambie."

Luhaga alipomaliza kunawa saa saba, baba yake alimwambia achukue simu ya mkewe, aulize.

"Namba gani?"

"Yoyote."

Luhaga aliandika 417. "Mwenye: Mashimba, Nassa. Anakokaa: kwa Bujiku, Lingeka," alisoma. Akaangalia pazia. "Wee, Felisita, umeiharibu. Jana ilikuwa nzima."

Akaandika 380. Mashimba. Akaandika 405. Mashimba. 422. Mashimba. Alianza kuandika haraka, akikosea na kufuta, na kila mara alisoma jina kwa sauti ndogo zaidi, mpaka akawa anasoma kimoyomoyo tu. Ugali ulipoa.

"Baba?"

"Endelea."

"Zetu ni zipi?"

"Zimo. Uliza."

Aliuliza zote. Alipofika mwisho alikuwa na vidole tisa alivyovikunja, mkono mmoja mzima na mwingine umebaki kidole kimoja. Alivitazama vidole hivyo kwa muda. Halafu akanawa, ingawa hakuwa amekula, akatoka. Felisita alimwona dirishani. Amesimama kwenye geti la nyumba, geti alilolichomelea mwenyewe, anakwaruza kutu kwa kidole mahali pasipo na kutu.

"Ameenda?" mzee aliuliza.

"Pazia, mwambie baba yupo getini."

"Amekasirika?"

Felisita alitazama tena. "Mwambie sijui. Anafikiri."

Ijumaa Luhaga hakwenda karakana. Hakusema kwa nini. Aliazima pikipiki, akampakia mkewe na kompyuta akiwa ameipakata, akamfikisha ofisi za ushirika bila neno. Felisita alipodhani atageuza, Luhaga alizima injini akaingia naye, akaketi karibu na mlango, helmeti magotini.

Kamati ilikuwa watu saba. Mwenyekiti, Mzee Limbu, alikuwa mtu mnene mwenye kauli ya upole. Kasmiri alishika karatasi.

"Tuanze," Limbu alisema. "Mia tatu tisini na moja."

"Jike. Madoa. Mwenye: Bujiku, Lingeka," Felisita alisoma. Kasmiri alitia tiki.

"Mia nne na mbili."

"Jike. Jekundu. Mwenye: Mashimba, Nassa. Anakokaa..."

"Ngoja," Kasmiri alisema. "Hapa ni Bujiku. Nyingine. Mia nne kumi na saba."

"Mwenye: Mashimba, Nassa."

"Bujiku." Kasmiri aliweka kalamu chini. "Mama, ulipewa karatasi unakili tu. Kunakili tu! Barua za watu ulikuwa unanakili vizuri."

"Labda mashine yenyewe imechoka," mjumbe mmoja alisema. "Wale wa Mwanza wana mashine kubwa."

Felisita alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu Jumatano. Lakini jibu lenyewe lilikuwa boma la baba mkwe wake, na mkamwana hasimami mbele ya wanaume saba kulihesabu. Aliweka mikono mapajani.

"Karatasi ndiyo imekosea."

Wote waligeukia mlangoni.

"Wewe ni nani?" Limbu aliuliza.

"Luhaga. Mtoto wa Bujiku." Alisimama, helmeti bado mkononi. "Hizo siyo zetu, ni za Mashimba, zinakaa kwetu. Zetu ni tisa. Nimeziuliza zote, moja moja. Ulizeni na nyie."

Mjumbe wa mashine kubwa alianza kukohoa, akainama kutafuta kitu chini ya meza. Mwingine alikuwa anaangalia dari. Felisita, ambaye alikuwa ametarajia wacheke, aliona ajabu kwamba hakuna aliyecheka.

Limbu alisogeza kiti mbele. "Hiyo nafasi ya pili. Anakokaa. Nani alikuambia uiweke?"

"Hakuna. Niliona inahitajika."

"Mtu akiwa na ng'ombe wake Itilima kwa fulani, na wengine Maswa kwa fulani." Aliwatazama wenzake. "Nasema kwa mfano."

"Kwa mfano," Felisita alisema, "nafasi ipo."

"Na kila mwenye simu atayaona hayo?"

"Kwa leo, ndiyo. Hilo sijalijenga. Linajengeka: anayeuliza aonyeshe kwanza yeye ni nani, na mwenye ng'ombe aseme nani aonyeshwe jina lake."

"Lijenge hilo kwanza," wajumbe watatu walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana.

Limbu alichukua karatasi mikononi mwa Kasmiri, akaitazama kana kwamba anaiona mara ya kwanza. "Tuna kata ngapi za kuandikwa upya namna hii?"

"Zote, mwenyekiti," Kasmiri alisema taratibu. "Tuliuliza mbele ya watu."

"Basi safari hii fundi huyu ataulizia nyuma ya mlango." Aliisukuma karatasi mezani hadi ikamfikia Felisita. "Lingeka umeshaimaliza. Jumatatu uje uchukue nyingine. Na barua ya kazi atakuchapia katibu."

Mzee Bujiku alikuwa kwenye kiti kilekile waliporudi. Alisikia hatua za watu wawili, akanyoosha mgongo. Felisita alimpita akiwa ameinamisha kichwa, akaingia ndani ya pazia. Luhaga aliketi sakafuni mbele ya baba yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila."

"Wamempa kazi."

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa.

"Nimewaambia ni tisa," Luhaga alisema. "Wote wamesikia. Mpaka kesho itafika karakana." Alivuta pumzi. "Watanitafutia jina jingine."

Mzee alinyoosha mkono, ukapapasa hewani, ukafika begani kwa mwanawe, ukabaki hapo.

"Tisa," Luhaga alisema tena.

"Si tisa," mzee alisema. "Yule wa mkia mfupi ana mimba. Mwezi huu hauishi kabla hajazaa." Kisha akageuza uso wenye bandeji upande wa chumba. "Pazia, mwambie aache nafasi."